Boksi juu ya mafuta: shangazi yangu, duka la jumla la Ngamiani na miaka mitatu ya sheria

Boksi lilikuwa la sabuni ya mche. Shangazi analikumbuka hivyo kwa sababu alipokuwa chini, shavu limelala sakafuni, kitu cha kwanza alichokiona ni maandishi ya sabuni yaliyolowa mafuta ya kupikia. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 12 Machi 2021, kabla ya adhuhuri, kwenye duka la jumla katika moja ya zile barabara za namba za Ngamiani, Tanga. Shangazi ana miaka sitini na kidogo. Anapika bagia na maandazi barazani kwake, na kila Ijumaa huenda kuchukua ngano na mafuta ya wiki. Siku hiyo dumu moja la lita 20 lilikuwa limevuja tangu usiku, mafuta yakatambaa mpaka mlangoni. Badala ya kudeki kwa maji ya moto na sabuni, vijana wa duka walipasua boksi wakalitandika juu yake. Shangazi akaweka mguu, boksi likaondoka na mguu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi yangu ni kusikiliza watu, kuwaeleza sheria inasema nini, na kuwapeleka kwa wakili pale jambo linapozidi kimo changu. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya shangazi, kwa sharti kwamba nisimtaje mwenye duka. Nimekubali. Na kwa kweli si mtu mbaya, na huko ndiko tatizo lilikoanzia.

Nianze na boksi, maana watu wengi huliruka. Tanzania Bara hatuna sheria moja iliyoandikwa inayosema "mtu akiteleza dukani kwako utamlipa". Madai ya namna hii yanasimama juu ya uzembe, na sheria ya uzembe tuliirithi kutoka kwa Waingereza kupitia Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inayopokea kanuni za mahakama za Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920. Mdai anatakiwa kuonyesha kwamba mwenye mahali alikuwa na wajibu wa kumwangalia, kwamba wajibu huo hakuutimiza, na kwamba kuumia kwake kumetokana na hapo. Wajibu haukuwa na ubishi: aliyefungua duka na kuita wateja anawajibika kuwawekea njia salama kwa kadiri ya uwezo wa kawaida. Ugumu huwa kwenye la pili. Mwenye duka husema, mafuta yamemwagika dakika hii hii, ningejuaje? Hapa asingeweza. Boksi halikujitandika. Aliyelitandika alikuwa ameyaona mafuta, akajua yanatelezesha, akachagua njia ya mkato. Kwa maoni yangu ushahidi mzuri kuliko wote ulikuwa umelala pale mlangoni, ukaenda kuchomwa na takataka jioni ile ile.

Shangazi asingeshinda bila kujibu hoja, hilo nalo niliseme. Mwenye duka angeuliza: mama, boksi uliliona, kwa nini ulilikanyaga? Na mahakama inaweza kugawa lawama, ikampunguzia mdai fidia kwa kadiri ya kutojiangalia kwake. Lakini mlango ulikuwa mmoja, na boksi lilijaza mlango.

Hospitali walimpiga eksirei: shingo ya mfupa wa paja imevunjika. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, akalala kitandani karibu miezi miwili, kisha magongo. Siku ya tatu mwenye duka alifika wodini na machungwa ya Muheza na shilingi laki nne kwenye bahasha. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akamshika shangazi mkono, akasema, "Mama, hili limetokea kwangu, ni langu. Tutamalizana kiungwana." Shangazi alilia. Mpaka leo akilisimulia hilo sauti inashuka.

Nani angeandika barua ya wakili baada ya hapo? Ungeonekana huna haya. Mtu amekuja mwenyewe, amekiri, ametoa. Mtaa mzima ungesema yule mama amemshtaki mwanawe. Nilikuwa Morogoro wakati ule. Nilikuja mara mbili kumwona, nikampa pole, nikala bagia zilizopikwa na binti yake, nikaondoka. Sikuuliza tarehe. Kazi yangu ni kuuliza tarehe.

Mwaka wa kwanza ukapita hivyo. Tajiri akapeleka ngano mara mbili bila malipo, akalipia dawa fulani. Mwaka wa pili maumivu yakazidi, dawa zikawa ghali, na tajiri akawa haonekani sana. Ndipo Agosti 2022 binti ya shangazi, ambaye ni mkali kuliko sisi sote, akampeleka mama yake ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenye duka akaitwa, akaja. Wakazungumza, mwenyekiti akachana karatasi kwenye daftari la mistari, akaandika kwa kalamu ya kijani. Karatasi hiyo nitairudia.

Baada ya hapo zikafuata Idd. Tutalimaliza baada ya Idd. Mzigo umekwama bandarini Dar, baada ya Idd ndogo. Nimesafiri, nikirudi. Mwanzoni mwa Machi 2024, Ramadhani ikiwa inagonga mlango, shangazi akamtumia tena kijana na salamu. Jibu likarudi lile lile: tufunge kwanza, mama, Idd ikipita tukae. Shangazi akaona ni vibaya kumsumbua mtu mwezi mtukufu. Akanyamaza.

Alikuja kwangu Jumatatu ya tarehe 22 Aprili 2024. Nilikuwa nimesharudi Tanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimechoka sasa. Nataka unisaidie nimshtaki."

"Ulianguka lini?"

"Mwaka ule wa korona, si unakumbuka."

"Tarehe, shangazi."

Akatoa kadi ya hospitali kwenye mkoba. Nikaisoma, nikafungua kalenda ya simu, nikahesabu, nikahesabu tena. Kisha nikaenda kumwekea maji ya kunywa, ili nipate dakika moja ya kutomtazama usoni.

Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, ilitungwa mwaka 1971. Jedwali lake limepanga muda kwa aina ya dai, na madai ya madhara kama uzembe yamepewa miaka mitatu. Saa inaanza kugonga siku sababu ya dai inapotokea, na siku yenyewe haihesabiwi. Kwa hiyo siku ya mwisho ya shangazi kufungua shauri ilikuwa tarehe 12 Machi 2024. Aliingia kwangu siku 41 baadaye. Siku yake ya mwisho ilipita kimya, Ramadhani ikiwa ndiyo inaanza, yeye ameketi akisubiri Idd kwa adabu.

Na kifungu cha 3 hakina huruma (namba nazitoa kwenye Toleo la 2019). Shauri likifunguliwa nje ya muda, mahakama inalitupa, hata kama mdaiwa mwenyewe hakuleta pingamizi. Yaani hata tajiri angekaa kimya, hata angesema "mimi siombi litupwe", hakimu anatakiwa aulize mwenyewe. Wapo wanaodhani ukomo ni silaha ya mdaiwa, asipoichomoa umepona. Si hivyo.

Tulikaa na wakili mmoja rafiki yangu jioni ile tukitafuta tundu la kupitia.

Tulianza na mazungumzo. Si miaka yote hiyo walikuwa wanaelewana? Mtu amekiri, ametoa pesa, ameomba subira. Iweje subira hiyo hiyo imgeukie aliyesubiri? Moyo unakubali, mahakama zetu hazikubali. Zimekwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba mazungumzo nje ya mahakama hayasimamishi muda, na kwamba anayekubali kuvutwa na maongezi mpaka muda ukampita, amejitakia. Ni kali. Lakini ukifikiri kidogo utaona kwa nini: kama maongezi yangesimamisha saa, kila shauri lingegeuka kesi ya kubishania nani alimpigia nani simu mwezi gani.

Tukajaribu daktari. Mwaka 2023 shangazi aliambiwa kwamba nyonga imeanza kulika, na huenda ikahitaji kubadilishwa. Je, saa isihesabiwe kuanzia siku alipojua ukubwa wa jeraha? Hapana. Alijua ameumia, kwa nani na kwa nini, siku ile ile akiwa chini. Jeraha kuzidi kuwa baya hakuzai dai jipya.

La tatu lililetwa na binamu yetu wa Mombasa, kwa sauti ya WhatsApp ya dakika nne. Huko kwao, akasema, unaomba ruhusa mahakamani kufungua shauri lililochelewa. Hakusema uongo. Kenya nao wana miaka mitatu kwa madai ya madhara, na sheria yao inampa jaji nafasi ya kutoa ruhusa kwenye madai ya majeraha, pale mdai alipokuwa hajui mambo ya msingi ya dai lake. Hata huko shangazi angepata taabu, maana yeye alijua kila kitu. Lakini ukivuka Horohoro kuja huku, nafasi hiyo haipo kabisa. Mahakama zetu zinaweza kuongeza muda wa rufaa na wa maombi. Muda wa kufungua shauri lenyewe haziongezi. Nimeona watu wakipoteza nauli na ada kwa kuandika maombi ya "kuongezewa muda wa kufungua kesi", wakirudishwa mlangoni.

Anayeweza ni mmoja tu, naye si hakimu. Kifungu cha 44 cha Sura ya 89 kinampa Waziri wa sheria uwezo wa kuongeza muda wa shauri akiona ni haki kufanya hivyo, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na nyongeza isizidi nusu ya muda wa awali. Nusu ya miaka mitatu ni mwaka mmoja na miezi sita. Shangazi angeweza kupata mpaka tarehe 12 Septemba 2025. Nilimweleza. Akaniangalia kwa muda.

"Nimwandikie Waziri kwa ajili ya nyonga?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mwanangu, acha."

Nilishauri tuandike, na bado naona tungeandika. Sababu yetu haikuwa nzito sana, mtu alisubiri kwa ahadi. Ila ahadi zilikuwa na mashahidi, na mwombaji ni mama mjane mwenye chuma mguuni. Lakini dai ni lake, si langu.

Tungeishia hapo kama si yule binti mkali. Alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza, akauliza, "Na ile karatasi ya mwenyekiti je?" Shangazi akasema haina maana ile, si ya mahakama. Binti akaenda nyumbani, akarudi na bati la biskuti. Ndani: vyeti vya kuzaliwa, picha za harusi, risiti za dawa, na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, wino wa kijani umefifia kwenye mikunjo.

Iliandikwa kwamba mwenye duka amekubali kumpa mama huyu shilingi milioni tatu za matibabu, kwa awamu, hadi tarehe 31/12/2022, naye akishalipwa hatakuwa na dai tena kwa jambo la kuanguka. Tarehe ya Agosti 2022. Sahihi ya mwenye duka, dole gumba la shangazi, mashahidi wawili, muhuri wa mtaa uliopigwa kidogo upande. Nyuma, kwa mwandiko mwingine: "Amelipa 500,000, Oktoba." Baada ya hapo hakuna kitu.

Wakili aliisoma akasimama.

Dai la uzembe lilikuwa limekufa, lakini karatasi hii haikuwa dai la uzembe. Ilikuwa mkataba. Watu wazima wawili, kwa hiari yao, kila mmoja ametoa kitu: huyu anatoa milioni tatu, yule anaachia dai lake akilipwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai wakili awepo wala karatasi iwe ya mahakama. Na wakati karatasi inasainiwa, Agosti 2022, dai la kuteleza lilikuwa bado hai, kwa hiyo shangazi alikuwa na kitu halisi cha kuachia. Jedwali lile lile la Sura ya 89 linayapa madai ya mkataba miaka sita. Saa ya mkataba huu haikuanza siku alipoanguka. Ilianza tajiri alipoivunja ahadi, yaani Desemba 2022 ilipokwisha bila malipo. Miaka sita inafika mwisho wa 2028.

Mtu yule yule, mguu ule ule, pesa zinatoka mfuko ule ule, ila sheria inaona mambo mawili tofauti. Kila nikimweleza mtu kisa hiki hapa ndipo anaponikatisha, na namwelewa. Nami nilirudia kusoma.

Madai ya deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 yanapokelewa Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo tukaenda huko, hatukuhitaji kwenda mbali. Dai: shilingi 2,500,000 zilizobaki. Tajiri alikuja na kanzu safi, akasema mambo mawili. Kwanza, mama alianguka 2021, muda umepita. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa ameshaongea na mtu, na pengine hesabu ya Idd hakuihesabu peke yake. Ushahidi wa hilo sina, basi naliacha. Pili, alisaini kwa huruma tu. Hakimu akamwonyesha karatasi. Hii sahihi ni yako? Ni yangu. Ulilazimishwa? Hapana. Laki tano za Oktoba ulitoa za nini? Akanyamaza, kisha akaomba alipe kidogo kidogo. Yakaandikwa makubaliano mbele ya mahakama: laki mbili na nusu kila mwezi, miezi kumi.

Amelipa zote. Mara mbili alichelewa, mara moja alituma kwa simu usiku wa manane.

Binti aliona tumeshinda. Mimi sikuona hivyo, na nilimwambia. Milioni tatu zilipangwa Agosti 2022 na watu waliokuwa wakiangalia risiti za dawa zilizokuwa mezani siku hiyo. Hakuna aliyehesabu maumivu, miezi ya baraza kufungwa bila bagia, wala nyonga inayolika. Hayo yote yalikuwa ndani ya lile dai la miaka mitatu, kwenye fidia ambayo hakimu angeipima mwenyewe. Karatasi ya kijani ilituokoa, na karatasi hiyo hiyo ndiyo iliyotufungia kwenye milioni tatu. Angezilipa zote kwa wakati, shangazi angekuwa ameuza nyonga yake kabla daktari hajamwambia hali yake.

Kingefanyika nini? Kufungua shauri mwaka wa kwanza au wa pili huku maongezi yakiendelea. Watu husema kushtaki ni kuvunja ujirani, wakati mahakama zenyewe, kuanzia ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, zinapeleka mashauri ya madai kwenye usuluhishi kabla ya kusikiliza shahidi hata mmoja. Kiungwana kile kile, ila saa imesimamishwa na karani amegonga muhuri.

Tangu kisa hiki kienee mtaani wamenijia watu wa kila aina, na kwa wengi hesabu si ya miaka mitatu tu. Aliyeteleza ndani ya soko la halmashauri hawezi kwenda moja kwa moja mahakamani: anatakiwa atoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Wakili Mkuu wa Serikali, amuunganishe Mwanasheria Mkuu kwenye shauri, na alifungue Mahakama Kuu. Mabadiliko ya mwaka 2020 yaliziingiza halmashauri na mashirika ya umma kwenye utaratibu huo. Mtu wa aina hiyo namwambia notisi iondoke mapema sana, siku 90 ziishie ndani ya miaka mitatu na zibaki za akiba. Aliyeteleza akiwa kazini kwa mwajiri wake ana mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, wenye utaratibu na muda wake mfupi zaidi. Mtoto aliyeumia saa yake haianzi mpaka afikishe utu uzima, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, ingawa mashahidi hawamsubiri mtoto akue. Kijana wa mkokoteni aliyemwinua shangazi, aliyeliona boksi kwa macho yake, alishahamia Handeni kabla sijaanza kumtafuta.

Shangazi bado ananunua ngano duka lile lile. Bei yake ni nzuri, anasema, na barabara nyingine ni mbali kwa mguu wake. Ila haingii. Anafika na bajaji, anabaki ndani yake, anaita, na kijana anamletea mfuko na dumu mpaka mlangoni mwa bajaji. Mwenye duka akimwona humwamkia kutoka kaunta, "Shikamoo mama," naye anajibu marahaba.